Kitunga ya Mujinga

Lubumbashi, 28 mwezi wa ine 2024

Kwa Baba na Mama, ku Kamina,

Jambo sana. Huku tuko muzuri, Mwamba bwana yangu anabasalimia. Ninaandika juu telefone yako, Baba, ilikufa na banasema unakataa kuitengenesha. Kabongo mwenye lori anapita Kamina, njo atabaletea hii karatasi.

Baba, soma mahali hii polepole, na umusomee Mama mara mbili: nina mimba. Miaka yote ile nilikuwa nabeba batoto ba benzangu, narudisha kwa bamama yabo, naingia mu nyumba nafunga mulango. Sasa ni yangu. Dokta anasema mwezi wa nane.

Mama, unajua nini ninangojea. Nilikuona ukiifanyia Abigaïl, mutoto wa muyomba Kaumba, wakati alizaa mutoto wa kwanza: kitunga yenye matembele makavu, sombe makavu ya muhogo, bowa, ile uyoga ya pori, tomati ya kukatakata, unaifunika na majani ya ndizi, unaibeba ku kichwa mpaka ku mulango ya mwenye kuzaa. Mama ya Mwamba ameanza kuuliza: "Kwenu banakausha nini?" Anauliza na kucheka kidogo, lakini anauliza. Mwanamke mwenye kuzaa bila kitunga ya mama yake, bakwe banamuangalia sana.

Nyuma ya nyumba tuko na kakiwanja. Nilipanda matembele na lengalenga, inaota mpaka inanishinda. Ninataka kukausha yangu pia, lakini wakati nilikuwa kwenu nilikuwa nakula tu, sikuangalia. Mama aseme namna anafanya, Baba uandike.

Mutoto yenu,
Nathalie


Kamina, 9 mwezi wa tano 2024

Mutoto yangu Nathalie,

Barua ilifika. Niliisoma minyi mwenyewe, bila miwani, kila neno, hata pale uliandika mubaya.

Furaha iko kubwa. Atakuwa mwanaume na jina yake ni Nday. Ile neno imekwisha, hatuisemi tena.

Telefone usinisumbue nayo. Telefone ni ya bantu ba uongo: anasema iko mu njia, kumbe iko mu kitanda. Barua haidanganye.

Mama yako iko muzuri. Saa hii iko mu shamba njo maana hasemi mingi. Anakusalimia. Kitunga iko karibu kujaa.

Sasa habari ya kukausha. Unauliza mama, unasahau kama baba yako alikuwa mupishi wa maofisa ku Base ya Kamina! Nilipika mu nyungu yenye muntu mukubwa anaweza kuogea ndani. Makoloneli balikuwa banalamba vidole na kuuliza: "Nday iko wapi?" Kwa hiyo sikia.

Matembele unachuma na shina yake yote. Mwenye kutupa shina ni tajiri wa bure. Unanawisha. Saa sita, wakati jua inauma, unapanda juu ku tole, ile bati ya nyumba, unatandika pale pale ku moto. Siku moja tu imekauka! Bamama banapoteza siku mingi mu kivuli, banageuzageuza majani kama banafanya maombi. Ukiishusha, unaiweka mu sashe ya plastiki ingali moto, unafunga nguvu, juu ule moto ubakie ndani uendelee na kazi. Hiyo ni akili ya ku mess, ku jiko ya maofisa. Haiko mwanamke wa Kamina anaijua.

Fanya vile, utaniambia.

Baba yako,
Nday Amédée, mupishi mukubwa wa maofisa ku Base, na mukubwa wa zamani wa kwaya ya bababa ku parokia


Kabondo-Dianda, 14 mwezi wa tano 2024

Shemeji Nday,

Dada yangu Mujinga iko hapa kwangu tangu juma ya Pasaka. Alifika na kitenge moja, viatu mu mukono. Nilingojea utume neno. Haukutuma. Njo ninaandika.

Alinieleza mara moja tu, na hakurudilia. Ulikuwa na matanga ya rafiki yako wa ku Base. Bantu balijaa mu lupango, kiwanja yote. Ukataka baone kama nyumba ya Nday haikosake kitu. Ukashusha kitunga yenye Mujinga anakaushiaka Nathalie, ukaimwaga yote mu nyungu moja, matembele na bowa na tomati, bila hata kuloweka. Akakuambia: "Hii ni ya mutoto." Ukajibu mbele ya bantu: "Mutoto gani? Tumbo iko wapi? Ni majani tu, inaota kila mahali." Bantu bakacheka.

Nday, kila mwaka mvua ikiisha dada yangu alijaza ile kitunga. Kila mwaka tumbo haikukuya, akaigawa kwa bajane ba parokia, akaanza ingine. Haukujua? Ulikuwa unalala mu nyumba ile ile.

Namna inafanyikaka kwetu unaijua. Bwana anakuya mwenyewe, kuku mu mukono. Anaketi chini ku mulango, anasema kile alifanya. Tunakula ile kuku pamoja, bibi anafunga mizigo, munaenda. Haiko nguvu. Hata mutoto mudogo anaweza.

Kaumba


Kamina, 23 mwezi wa tano 2024

Kaumba,

Barua yako ni fupi sawa akili yako.

Bantu ba matanga balikula na balishiba. Katekista alirudilia sahani. Mchanga ilikuwa ndani, ndiyo, kidogo, mchanga haiuwe muntu. Na mwenye nyumba ni nani? Kitunga ilitundikwa mu jiko ya nani? Kuni nani aliileta? Mwanamke anakasirika juu ya majani, anapita njia mubaya ile yote na miguu juu ya majani, na weye mwanaume muzima unamupokea na unaandika barua! Kama ingekuwa nyama ningesikia.

Lakini minyi si muntu wa kiburi. Unataka kuku, kuku hii hapa. Kabongo anakuletea. Ni kubwa, iko na mafuta, Kabondo yote munajumlisha kuku zenu hazifike hii. Minyi mwenyewe siwezi kukuya, nina kazi mingi, na ile njia inavunja mugongo ya bantu ba maana.

Muambie Mujinga arudi na lori hii hii. Hapa kuko habari kubwa, kubwa sana, angeisikia angeruka. Lakini ni habari ya mu nyumba yangu. Mwenye kuitaka arudi ku nyumba.

Nday Amédée, mupishi mukubwa wa maofisa ku Base


Kabondo-Dianda, 4 mwezi wa sita 2024

Shemeji,

Kuku ilifika. Ilikuwa na miguu mbili. Nilikuwa nangojea ine.

Ninairudisha kwa Kabongo. Mujinga aliipa mahindi kidogo mbele ya safari, juu anasema kuku haina kosa.

Kaumba


Lubumbashi, 11 mwezi wa sita 2024

Baba,

Nilifanya sawa uliandika. Mwamba alipanda ku tole, karibu aunguze magoti. Matembele ikakuwa nyeusi sawa makaa. Niliweka mu sashe, nikafunga nguvu. Juma moja kisha nikafungua: ndani kuko maji, na manyoya nyeupe juu ya majani. Nilitupa yote ku shimo, hata bata ya jirani ilinusa ikaenda zake.

Baba, usikasirike, lakini hii si kazi ya Mama. Minyi sikuangalia, ndiyo, lakini pua yangu inakumbuka. Mama alikuwa anachemsha kwanza. Kulikuwa na kakopo kenye maji ya rangi ya chai, alikuwa ananikataza kuigusa. Uliza Mama: mu kale kakopo kulikuwa nini? Neno moja tu, uiandike.

Na juu ya nini hataki kuandikisha kitu kwangu yeye mwenyewe? Nina mimba ya kwanza, Baba. Barua nzima, na mama yangu "anasalimia" tu? Anaumwa? Kama anaumwa useme. Banasema mwenye mimba hapashwe kusikia mambo mubaya, lakini kutosikia kitu ni mubaya zaidi.

Nathalie


Kamina, 24 mwezi wa sita 2024

Mutoto yangu,

Weye ni mama wa maulizo tangu mudogo. Mama yako haumwe. Mama yako anasema: fanya sawa baba yako anakuambia. Mu kale kakopo kulikuwa maji. Maji ya kawaida. Rangi ilikuwa ya kakopo yenyewe.

Yako iliharibika juu Mwamba hajui kupanda ku nyumba. Huyu ni muntu wa biro, anajua kiti tu.

Nakuletea kitunga! Kabongo iko nayo. Imejaa mpaka juu, niliikanyaga na mukono ili mingi iingie. Matembele iko, lengalenga iko. Sombe nilikausha nzima nzima na vijiti yake, iko na nguvu, utaipikia ndani ya sufuria. Tomati ni yenyewe ya ku mess: usikate kidogo kidogo sawa ya mutoto, unapasua katikati tu, unalaza ku tole tumbo chini. Ukiona inashika ku tole, unakwangua na kisu. Ile vipande nyeusi ni tole tu, haidhuru. Wakati huu wa kipwa, mvua haiko, vumbi inaruka sana ku njia, lakini nilipulizia kila jani na kinywa yangu.

Nilifanya kazi hii… tulifanya, minyi na mama yako. Vidole inauma. Bantu banapita ku njia banasimama kuniangalia juu ya nyumba. Jirani Tshala alilalamika: "Tata Nday, unatafuta nini kule juu, network?" Nikamwambia ashugulike na mutoto wake mwenye kuvuta bangi.

Muonyeshe mama ya Mwamba. Umuambie: kwetu njo banakausha vile.

Nday Amédée, mupishi wa maofisa


Lubumbashi, 15 mwezi wa saba 2024

Baba,

Nilimuonyesha.

Alikuwa pale wakati Kabongo alishusha kitunga. Alikuwa na furaha hata, aliita bamama babili ba lupango ingine bakuye baone. Nikafungua. Harufu ikatoka sawa kitambaa yenye kulala mu maji juma nzima. Tomati ilikuwa inatembea, Baba. Funza. Mama ya Mwamba akarudisha kifuniko polepole, akaniambia tu: "Pole, mwana." Ile pole yake njo iliniua. Kama angenitukana ningejibu.

Kabongo akaona macho yangu. Akasema: "Mama, mukono ya mama yako haiko humu. Mama yako minyi namuonaka kwa Kaumba ku Kabondo, tangu Pasaka, wakati baba yako alipikia bantu ba matanga kitunga yako." Nikamuuliza: anajua kama nina mimba? Akasema: "Hapana. Hakuna muntu alimuambia."

Hakuna muntu alimuambia.

Baba, weye peke yako ulijua mambo mbili. Ulijua Mama iko wapi, ulijua minyi nina nini. Ulikaa juu yake sawa kuku juu ya mayai mabovu, unangojea nini? Unangojea kitunga ijae kwanza, ndiyo? Mama arudi akute imejaa, useme: "Unaona? Ni majani tu, hata minyi naweza." Nakujua. Nimetoka kwako.

Kabongo alisimamisha lori Kabondo wakati wa kurudi, akamuambia. Anasema Mama aliketi chini mu vumbi ya njia, na kitenge yote, na hakuamuka mpaka muyomba alikuya kumushika mukono.

Na usiniandikie tena "mupishi wa maofisa". Nilinyamaza miaka mingi juu ya heshima. Ulikuwa unapasua kuni ku mess. Mama alinionyesha kovu ya shoka ku mguu yako, na alinikataza kusema kwa muntu yeyote. Hata hiyo alikuficha.

Sasa sikia. Mutoto anakuya mwezi wa nane. Panda lori, enda Kabondo, uketi ku mulango ya muyomba, useme ile neno. Ni neno moja. Kisha mukuye hapa babili, nitabapokea na mikono mbili, mutoto utamupa jina yenye unataka. Lakini kama haupite Kabondo, usikuye huku peke yako. Mulango yangu haitafunguka.

Nathalie


Kamina, 30 mwezi wa saba 2024

Nathalie,

Mutoto hapashwe kumuandikia baba yake vile. Lakini nakusamehe juu ya mimba.

Mwenye kupasua kuni njo mwenye kupika. Bila moto koloneli angekula nini? Fikiri.

Sasa usiseme sikujaribu. Siku ya mungu kisha misa nilichukua ile kuku, nikavaa koti, nikaenda mpaka mahali malori inasimama. Kabongo alinipa nafasi ya mbele. Nilipanda. Nilikuwa nimeketi kabisa, kuku ku magoti. Sasa banani banapita? Bababa ba kwaya, bote, na vitabu yabo ya nyimbo mu mukono. Bananiona. "Ee Tata Nday! Unaenda wapi na kuku, na koti hii muzuri?"

Weye ungesema nini? Niseme ninaenda kuketi chini ku mulango ya Kaumba sawa mwizi wa muhogo? Mbele ya bantu benye nilifundisha kuimba? Nikasema: "Ninaenda ku soko kuuzisha kuku." Bakasema: "Ku soko? Na lori ya Kabondo?" Nikasema: "Napumuzika tu miguu."

Basi nikashuka. Minyi nikisema neno, nafanya ile neno, bantu bote bananijua. Nikaenda ku soko, nikauza kuku. Niliiuza muzuri, mwenye kununua alikuwa analia bei.

Kwa hiyo kuku haiko tena, na bila kuku siwezi kuenda, njo desturi. Kosa si yangu.

Wakati mutoto anazaliwa mutanitumia habari. Usisahau jina.

Baba yako,
Nday Amédée, wa ku mess


Lubumbashi, 8 mwezi wa kenda 2024

Nday,

Minyi nasema, Nathalie anaandika. Nilimukataza kupamba maneno.

Mutoto alizaliwa. Mwanaume, iko na sauti. Jina yake ni Kaumba. Bazazi njo balichagua. Minyi sikusema kitu, na sikukataa.

Kitunga nilikuya nayo. Shamba sina tena, lakini bamama ba Kabondo, kila moja alishusha yake ku moshi akatoa kiganja moja. Niliibeba ku kichwa tokea lori mpaka ku mulango. Mama ya Mwamba alifungua, akanusa, akaniita dada.

Nathalie anasema niandike kama nimekasirika. Hapana. Nilikuwa na hasira Kabondo. Kila lori yenye kusimama nilikuwa natoka inje, nafuta mikono, naangalia nani anashuka. Siku Kabongo alinieleza habari ya kuku na soko, nilicheka mpaka machozi. Kisha nikaona hasira haiko tena. Njo maana sirudi kwako. Kama ningekuwa na hasira ningerudi nikutukane, na tungeendelea.

Umekula ya mukono yangu tangu nilikuwa kasichana, hata siku moja haukuuliza namna chakula inafanyika. Sasa nakuambia, juu sitaki ufe na njaa.

Matembele iko nyuma ya jiko. Unachuma asubuyi, umande ikiisha kukauka. Ncha tu. Shina unaacha, inaota tena. Majivu ya kuni unaweka mu maji, unangojea inatulia, unachukua ile maji ya juu yenye rangi ya chai. Njo ilikuwa mu kale kakopo. Unachemsha. Majani inaingia, inatoka, sawa muntu mwenye kusalimia tu na kupita. Ukichelewa inakuwa uji.

Unatandika ku mukeka, mu kivuli, mahali upepo inapita. Hapana ku tole. Ushuke ku nyumba, utaanguka, na nani atakuokota. Unageuza, unageuza tena. Mangaribi unaingiza ndani. Ikilia ukiifinya na rangi yake ingali ya majani, imekwisha. Usifunge ingali moto. Unaiacha ilale mu lungo mpaka ipoe kabisa. Kisha kitunga unatundika juu ya jiko, moshi ipite, wadudu haingie. Musumari wake iko pale pale.

Kupika: unachukua kiganja moja. Unaloweka mu maji ya vuguvugu, mchanga inashuka, unakamua, ile maji unatupa. Mafuta ya ngazi, ile mawese nyekundu, kidogo, kitunguu kama iko. Kalanga yenye kutwanga, unaikoroga pembeni kwanza isifanye mabonge. Moto mudogo. Weye unapenda moto mukubwa, hapana. Chumvi ni ya mwisho, juu majani makavu inashikaka chumvi, ukitia mbele utalia. Bukari, ugali ya kuila nayo, unafanya kadogo, ngumu.

Hii kipimo ni ya muntu moja.

Mujinga


Kamina, 29 mwezi wa kenda 2024

Mujinga,

Barua nilisoma.

Nilifanya. Kila kitu nilifanya: majivu, mukeka, kivuli. Inatoka muzuri. Inashinda yako kidogo, juu minyi nina mukono ya kazi. Tshala alinusa mu lupango akauliza nani anapika, nikasema minyi, akasema uongo, nikamuonyesha nyungu, akaondoka. Kuni nilipasua mwenyewe. Kwa kupasua kuni hakuna mwenye kunishinda, Kamina yote na Base.

Ule mutoto, jina mulimupa mubaya, lakini kama iko na sauti, ile sauti si ya Kaumba. Kaumba hajui kuimba.

Neno ni hii. Kipimo yako iko na kosa. Uliandika kiganja moja, muntu moja. Nilichukua kiganja moja, nikakula mpaka nikashiba, ikabaki. Nikasema labda mukono yangu ni kubwa. Kesho yake nikafinya vidole, nikafanya kiganja kadogo sawa yako, nikapima. Ikabaki tena. Leo tena. Si juu sina njaa, nina njaa. Tangu zamani nilikuambia weye hujui kupima.

Ile yenye kubaki naiweka mu sahani ile ingine, naifunika, naiacha upande ile ya meza. Asubuyi naifunua iko vilevile, namupa kuku. Nilinunua kuku ingine. Ni kubwa kushinda ile. Imeanza kutaga, kwa hiyo saa hii haiwezi kusafiri.

Andika tena kipimo ya muntu moja. Uandike muzuri, minyi niifuate.

Nday